Duel, Someone's Watching Me! au Dark Night of the Scarecrow: uanze na ipi kati ya hizi thrila tatu za zamani za tivii?

Kuna aina moja ya muvi ambayo wengi wetu hapa Uganda hatuijui vizuri, zile thrila za Kimarekani zilizotengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya tivii, hazikupita sinema kwanza, zilirushwa usiku mmoja watu wakatazama wakalala, asubuhi wakaenda kazini, basi. Nyingi zilisahaulika na zilistahili. Lakini chache ziliwakaa watu kichwani, waliozitazama wakiwa watoto wakazitafuta miaka mingi, wakapeana kopi za kanda, na mpaka leo zina mashabiki ambao ukigusa hapo hawanyamazi. Mimi ni wa kundi hilo na nasema wazi kabisa, nazipenda sana hizi muvi, na kila nikimtajia mtu ananiuliza swali lilelile, sawa, lakini nianze na ipi?

Basi leo naziweka tatu pamoja. Duel ya 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg. Someone's Watching Me! ya 1978, ya John Carpenter. Na Dark Night of the Scarecrow ya 1981, ya Frank De Felitta, ambayo kati ya zote tatu ndo haijulikani kabisa kwetu na ndo ninayoipigania zaidi, kwa hiyo ukiona nimekaa nayo muda mrefu ujue sababu.

Kwanza jambo moja linaloziunganisha, maana ukilijua utazitazama kwa jicho lingine. Muvi ya tivii wakati ule ilikuwa na hela kidogo, siku chache za kushuti, na stesheni ilikuwa haikubali damu nyingi wala matusi kwa sababu watoto wapo sebuleni. Halafu kuna matangazo, kila baada ya dakika kadhaa stori inakatwa, kwa hiyo kabla ya kila tangazo lazima uache mtu ameshika roho, la sivyo anabadilisha chaneli. Hayo masharti yaliua muvi nyingi, lakini mtu mwenye akili akiambiwa huruhusiwi kuonyesha damu anatafuta njia nyingine ya kukutisha, na hizi tatu zote zilipata njia, kila moja ya kwake.

Duel nadhani baadhi yenu mshaisikia. Ilirushwa tarehe 13 Novemba 1971 kwenye ABC, stesheni ya tivii ya Marekani, Spielberg alikuwa na miaka 24 tu, hajulikani na mtu. Stori ni ya mwandishi Richard Matheson, na chanzo chake ni kitu kilichompata mwenyewe, siku ileile Rais Kennedy alipouawa mwaka 1963 alikuwa anarudi nyumbani na rafiki yake kutoka kucheza gofu, lori likawaganda nyuma barabarani likawasukumasukuma, na hicho kitu kikamkaa mpaka akakiandika. Stori yenyewe ni fupi, mtu anaitwa David Mann, mfanyabiashara wa kawaida tu, anaendesha Plymouth Valiant nyekundu kwenye barabara za jangwani California, anaovateki tanka moja chafu, zee, linalotoa moshi, na kuanzia hapo hilo tanka linataka kumuua. Ndo hivyo. Hakuna sababu inayotolewa, dereva humuoni sura, unaona mkono wake na buti zake basi.

Sasa kwa mtu ambaye amepita barabara ya Kampala kwenda Malaba usiku, sijui hata nimweleze nini. Sisi tunaishi na trela. Kuna hii lugha ya barabarani, dereva wa trela anakuwashia indiketa au anatoa mkono kukuambia pita, mbele kweupe, na wewe unamwamini mtu usiyemuona kwa sababu yeye amekaa juu na anaona mbali kukuzidi. Duel ina sehemu hiyohiyo. Mkono unatoka dirishani, unampungia Mann apite, taratibu, kwa adabu kabisa, naye anapita, na mbele yake kuna gari linakuja. Nikikaa na watu kutazama hii muvi hapo ndo wote wananyamaza, hata wale waliokuwa kwenye simu, maana kila mmoja anajua ameshawahi kuuamini mkono kama huo, iwe ni Mabira au ni barabara ya Masaka.

Na kuna kitu kingine kidogo ambacho fundi yeyote wa magari atakipenda. Mwanzoni Mann anasimama kujaza mafuta, jamaa wa pampu anafungua boneti anamwambia hii hosipaipu ya rejeta imechoka, badilisha. Mann anasema nitabadilisha baadaye, anaona kama anataka kuuziwa kitu. Basi. Muvi inaendelea wewe unasahau. Halafu gari linapanda mlima mrefu, tanka liko nyuma, sindano ya joto inapanda... Hiyo ni sekunde chache tu za maongezi lakini ndo zimebeba kipande kizima cha muvi, na Spielberg hakukumbushi, anakuacha ukumbuke mwenyewe.

Kwa ufundi, Duel ndo bora kuliko zote tatu na sidhani kuna wa kubisha. Shida yake kwangu ni moja, ukishaimaliza imeisha. Unahema, unapiga makofi, unaenda kulala vizuri. Hakuna kitu kinabaki kinakusumbua kuhusu binadamu, labda ile sehemu ya mkahawani, Mann amekaa anaangalia buti za kila mwanaume aliyekaa pale anajaribu kujua yupi ndo dereva, na anaanza kumshuku mtu asiye na hatia. Hapo kidogo tu muvi inagusa kitu kizito, halafu inarudi barabarani.

Someone's Watching Me! nitapita nayo haraka, sio kwamba ni mbaya, ila ina wake maalum. Ilirushwa na NBC, stesheni nyingine ya Marekani, tarehe 29 Novemba 1978, na Carpenter aliishuti kabla ya Halloween, ile muvi ya kutisha iliyompa jina, ingawa Halloween ndo ilitangulia kuonyeshwa, mwezi mmoja hivi kabla. Lauren Hutton ni Leigh, dada anayefanya kazi ya kuongoza vipindi vya tivii, amehamia Los Angeles, amepanga apatimenti kwenye ghorofa refu lenye madirisha makubwa. Kwenye ghorofa la ng'ambo kuna mtu anamtazama. Anampigia simu. Anatuma zawadi. Anajua amevaa nini, anajua amesema nini. Leigh anakwenda polisi, polisi wanamuuliza amekutishia? Hapana. Amekugusa? Hapana. Basi dada tutafanyaje.

Hiyo ndo muvi yote na ndo nguvu yake. Dada zangu wanaopanga peke yao Ntinda, Kireka, Kyaliwajjala, au wanaokaa hosteli pale Kikoni, hii itawaingia kuliko hata Duel, kwa sababu nani hajawahi kupigiwa na namba asiyoijua, mtu anasema nilikuona leo pale steji, ulikuwa na blauzi ya kijani. Sisi hapa mwaka 2011 tulipitisha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na ndani yake kumfuatilia mtu kwa mtandao ni kosa, ila mwanamke aliyewahi kupeleka kesi kama hiyo kwenye kaunta atakwambia mwenyewe maongezi yalikwendaje. Nachoipendea zaidi hii muvi ni kwamba Leigh hachukuliwi kama mtu wa kuokolewa. Anaongea peke yake, anatania, anakasirika, na ikifika mahali anaamua yeye mwenyewe kuvuka kwenda kwenye lile ghorofa la ng'ambo kumtafuta. Kuna wakati amekaa kwenye darubini ya yule mtu anatazama chumba chake mwenyewe, siendelei, mtaona.

Udhaifu wake, katikati inalegea. Ina dakika 97 na kuna mambo ya mchumba ambayo kwangu yangekatwa nusu. Na muziki unasukuma sana. Adrienne Barbeau, anayecheza rafiki yake wa kazini, kila akiingia muvi inaamka, na aliolewa na Carpenter muda mfupi baadaye, walikutana hapohapo kwenye hii kazi.

Haya, sasa nifike kwa Scarecrow.

Dark Night of the Scarecrow ilirushwa na stesheni ya CBS tarehe 24 Oktoba 1981, imeandikwa na J.D. Feigelson. Ukisikia jina unadhani ni ile mizuka ya vijana wanakimbia msituni. Sivyo. Ni kijiji cha wakulima kusini mwa Marekani. Kuna mwanaume mzima anaitwa Bubba, mwili wa mtu mkubwa, akili ya mtoto mdogo, na rafiki yake ni mtoto wa kike anaitwa Marylee, wanakaa wanasuka maua wanaimba. Kijijini kuna mtu wa posta, Otis Hazelrigg, ambaye hapendi huo urafiki, anawaambia wenzake siku moja huyu kichaa ataua mtoto. Siku moja Marylee anavamiwa na mbwa. Bubba ndo anamuokoa, anambeba mikononi mpaka kwao, mtoto amelegea, ana damu, na Bubba hana maneno ya kueleza zaidi ya kusema Bubba hakufanya. Habari inatoka hapo inakimbia kijiji kizima, kichaa ameua mtoto. Otis anakusanya wenzake watatu, bunduki, mbwa, gari.

Mama yake Bubba anamwambia tucheze ule mchezo wa kujificha. Anamficha ndani ya sanamu ya kufukuza ndege katikati ya shamba, amevaa gunia kichwani lenye matundu mawili. Wale wanne wanafika, wanazunguka, hawaoni kitu, halafu mmoja anaangalia vizuri kwenye yale matundu. Kamera inakaa pale. Ndani kuna macho ya mtu, yanalia.

Wanampiga risasi. Wote wanne, nyingi. Na moshi haujaisha, redio ya gari inaita, mwenzao anatoa habari kwamba mtoto yuko hai, Bubba ndo amemuokoa, mwacheni. Wanatazamana. Halafu Otis anachukua uma wa shambani wenye meno marefu anauweka mkononi mwa maiti ili ionekane alitaka kuwashambulia. Kortini wanaachiwa, ushahidi hakuna. Hapo ndo muvi inaanza, maana siku chache baadaye mmoja wao anatazama shambani kwake anaona sanamu imesimama, na yeye hakuiweka.

Sasa mimi sihitaji kumweleza Mganda hiki ni kitu gani. Tunaliona kila mwaka, mtu anapigiwa kelele ya mwizi, watu wanatoka na mawe na tairi, wanamaliza, halafu ndo mtu mmoja anauliza kwani alikuwa ameiba nini, na jibu linakuja limechelewa. Ripoti ya polisi ya kila mwaka ina hesabu yake kabisa ya watu waliouawa na wananchi waliochukua sheria mkononi. Na kati ya wanaokufa wamo watu kama Bubba, yule ambaye hana maneno ya kujieleza, mgonjwa wa akili, mgeni asiyejua lugha ya kijiji, bubu. Ile redio inayoita dakika moja baadaye ndo kitu kinachonifanya niseme hii muvi ni yetu, imetengenezwa mbali lakini ni yetu. Nimeiona na watu wa rika tofauti, na kila mara mazungumzo baada ya muvi yamekuwa marefu kuliko muvi yenyewe, mtu anakumbuka kitu kilichotokea kwao Tororo, mwingine anasimulia ya Bwaise, na hakuna anayezungumzia tena mzuka.

Na Otis, anayechezwa na Charles Durning, ni moja ya watu wabaya waliochezwa vizuri nimewahi kuona kwenye tivii. Hapigi kelele. Ni mnene, mpole, anavaa sare yake ya posta vizuri, anasalimia watu mlango kwa mlango. Mtu kama huyo kwetu ndo anapewa nafasi ya kuongea kwenye kikao cha LC1, baraza la kijiji, watu wote wanamsikiliza. Yeye hakuwa na uhakika kwamba Bubba ameua, alikuwa na hamu iwe hivyo. Kuna tofauti kubwa sana hapo na Durning anaionyesha kwa macho tu. Upande wa pili Larry Drake anayecheza Bubba yupo kwa dakika chache kabla hajauawa, lakini unambeba mpaka mwisho, na huyu huyu baadaye alipata tuzo mbili za tivii za Emmy kwa kucheza mtu mwenye ulemavu wa akili kwenye tamthilia ya L.A. Law. Mama wa Bubba ni Jocelyn Brando, dada yake mwigizaji Marlon Brando, na akitoka kortini anawaambia wale watu kuna haki nyingine duniani zaidi ya sheria, sentensi moja, basi muvi nzima inatembea juu ya hiyo sentensi.

Kuhusu kutisha, stesheni ya tivii haikuruhusu damu, kwa hiyo wakafanya hivi, mmoja wa wale wanaume anaangukia kwenye mashine ya kusagia matawi, unasikia mashine, hauoni kitu, na picha inakata ghafla kwenda mezani ambapo kitu chekundu kinawekwa kwenye sahani ya mtu anayekula. Nusu sekunde. Nimeona watu wazima wanaacha kula rolex, ile chapati ya mayai, mkononi.

Mapungufu yapo, siwezi kuficha. Inaenda polepole, kijana aliyezoea muvi za siku hizi anaweza kuchoka kwenye nusu saa ya pili. Kiingereza chao ni cha kusini, wanavuta maneno, kama huna sabtaitoli kuna sehemu utaachwa. Na utabaki unajiuliza muda mrefu je ni mzuka kweli, au ni mtu, au ni dhamiri za hao wanaume. Mimi hilo ndo napenda, wengine linawaudhi.

Basi kuchagua. Lugha: kama mnatazama na watu ambao Kiingereza hakipandi, wazee nyumbani, au watoto, chukua Duel bila kufikiria, maneno ni machache mno, hauhitaji vijei, yule anayetafsiri muvi kwa sauti, lori lenyewe linaongea. Watoto pia Duel ni salama, hakuna kitu cha kumfunika mtoto macho. Scarecrow ngoja wafike angalau sekondari, sio kwa damu, ila kwa lile tukio la shambani, hilo ni zito kwa mtoto. Someone's Watching Me! ni ya watu wazima, na ningesema ni ya kutazama mkiwa wawili au zaidi, kama unaishi peke yako usiitazame usiku wa manane na pazia wazi, nakwambia kwa upendo.

Muda na umeme: Duel ya tivii ni dakika 74, hata betri ya laptop inamaliza umeme ukikatika. Hizo mbili zingine zinakaribia saa moja na dakika arobaini kila moja. Lakini jihadhari, kuna Duel mbili. Baada ya kufanya vizuri iliongezwa vipande ikafika dakika 90 ili ionyeshwe sinema nje ya Marekani, na kopi nyingi unazopata ni hiyo ndefu. Wanaoijua wanabishana. Kwangu fupi imekazwa vizuri zaidi, yale maongezi ya simu na mke wake kwenye ile ndefu hayakusaidia kitu, ila ile ndefu ina sehemu ya basi la shule lililokwama, tanka linakuja, Mann anapiga kelele watoto wakimbie, na tanka badala ya kuua linalisukuma basi taratibu linalitoa. Kila mtu pale anaona dereva wa tanka ni msamaria na Mann ndo mwendawazimu. Kwa hiyo sehemu moja tu naikubali ile ndefu.

Kupata: ukienda kwenye laibrari ya muvi na flashi yako taja jina pamoja na mwaka. Ukisema Duel tu utapewa The Last Duel ya 2021, ya mapanga na farasi. Na Scarecrow ina ya pili iliyotoka 2022, aliyeiandika ile ya kwanza ndo aliitengeneza, lakini haina uhusiano na ninachokieleza hapa, usianze nayo. Someone's Watching Me! ndo ngumu kuipata, ilikaa miaka mingi bila kutolewa hata wapenzi wa Carpenter wakaiita muvi yake iliyopotea, DVD ilikuja 2007.

Kwa hiyo: dereva, fundi, taniboi, familia nzima sebuleni, chukua Duel. Dada anayepanga, au mtu yeyote anayefanya kazi na wanawake wanaosumbuliwa kwenye simu, chukua ya Carpenter, na vumilia katikati. Wengine wote, hasa ukiwa na kundi la vijana wa mtaani au wa kanisani au wa msikitini ambao unataka waongee baadaye, chukua Scarecrow ya 1981, tafuta kopi yenye sabtaitoli, na baada ya muvi kuisha usikimbilie kuweka nyingine, acha watu waseme.